Gunia la Sukari la Bwana Ataliba

Mheshimiwa Meya, Bwana Ataliba mwenye kiwanda cha miwa, Padri Onofre, ndugu wageni waalikwa, nanyi wakata miwa mliosimama nyuma kwa kukosa viti:

Mmekuja kuniaga baada ya miaka ishirini na miwili ya kuendesha gari la wagonjwa la Santa Eulina. Mmenisifu vya kutosha. Sasa nisikilizeni, maana nina hasira.

Mlipotuletea gari la kutumia spiriti ya miwa yetu wenyewe, nani alifurahi kunishinda? Brazili isiombe tena mafuta ng'ambo! Injini ilikuwa na nguvu, na moshi wake haukuwasha macho. Ni kweli lilikunywa zaidi kuliko lile la petroli, na asubuhi za baridi ya Julai halikuwaka mpaka lirushiwe petroli kidogo kutoka kitangi chake cha pembeni. Nikisahau kukijaza, muuguzi wetu Dona Zulmira hunicheka: "Mzee Belmiro, leo tumsukume mgonjwa au gari?" Hayo tuliyazoea.

Lakini Januari hii? Bei ya sukari ilipanda ng'ambo, kiwanda kikaacha spiriti kikapika sukari tu, pampu zetu zikakauka. Nilikwama kwenye foleni saa nne nzima, nyuma nimemlaza Jandira, mkata miwa, ana uchungu na mtoto amekaa vibaya. Nikakimbilia ofisini kwa Bwana Ataliba kuomba spiriti. Akaniambia, na yupo hapa, akanushe: "Subiri kama wenzako."

Wenzangu! Wenzangu ndio waliofyonza kwa mpira matone ya mwisho ya magari yao, wakatema, wakatukana, wakanijazia chupa tatu. Tukafika hospitali. Jandira alipona. Mtoto tulimzika Jumapili.

Je, kosa ni la spiriti? Hapana! Miwa haikukataa. Aliyekataa ana jina, naye amekaa kiti cha mbele.

Kesho usukani anaushika Edivaldo, dereva mpya, na tangi lina robo. Kila anayestaafu hapa, kiwanda humpa gunia la sukari, langu nimeliona. Sitalibeba. Nataka pipa moja la spiriti hospitalini, lisiguswe hata sukari ipande bei namna gani.

Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu. Bwana Ataliba, kama huna pipa, gunia hilo mpelekee Jandira. Mpelekee wewe mwenyewe, umwambie ni la nini.