Pélagie Aliyemtangulia Mama

Wapendwa mliokusanyika hapa Rugenge, mimi Evariste, kaka mkubwa wa marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu Pélagie, na mnisamehe sauti ikinikatika, kwa sababu karatasi niliyoitayarisha tangu mwezi wa tatu ilikuwa ya mama yetu, si hii.

Pélagie alizaliwa Kiliba tarehe 14 Machi 1984, mtoto wa tatu wa marehemu baba Sévère na mama Bernardine, akasoma shule ya msingi palepale, kisha sekondari hapa Uvira, akapata diploma ya Serikali ya ualimu mwaka 2004. Septemba ya mwaka huo alianza kufundisha katika shule ya Kimanga, darasa la kwanza, akakaa humo miaka ishirini bila kutaka darasa lingine, na baadhi yenu mnaolia hapa ni yeye aliyewafundisha kushika kalamu. Tarehe 18 Agosti 2007 alifunga ndoa na Michée, anayefanya kazi ya forodha Kavimvira, Mungu akawapa Achille, Laure na Toussaint. Alicheka kwa sauti kubwa, hata kanisani, na hakuna padri aliyemweza.

Februari mwaka huu wa 2024 mama, mwenye miaka 79, alikutwa na saratani ya titi, nasi tukaona safari yake imefika, tukampiga picha, tukashonesha nguo za familia za kuvaa msibani, ndizo hizi tulizovaa leo, na mama mwenyewe amevaa yake, ameketi pale mbele. Pélagie ndiye aliyempeleka hospitalini Bukavu, akalala majuma sita kwenye mkeka chini ya kitanda chake, madaktari wakipita kando yake kila asubuhi. Kabla hawajaondoka alikuwa ameniambia juu ya titi lake mwenyewe, «Kaka, minye iko na kavimbe, lakini minye ingali kijana, mama atangulie.» Nikamjibu angoje, mwili wake una nguvu. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu.

Alipopimwa tarehe 9 Julai, ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ini, mapafu na uti wa mgongo, wakati uvimbe wa mama haujasogea hata kidogo. Daktari alitueleza kwamba saratani haiheshimu ujana, kwamba mara nyingine mwili wa mzee unaichelewesha kusambaa, na ule wa kijana unaiachia njia, nasi hadi sasa hatujaelewa. Alifariki Jumamosi tarehe 21 Septemba, saa nne asubuhi, akiwa na miaka arobaini na miezi sita.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani wa Rugenge waliopika na kuteka maji, walimu wenzake waliosimamia darasa lake, na ninyi nyote mliofika.

Jambo moja halimo kwenye karatasi. Jana, walipomaliza kumwosha marehemu, mdogo wetu Consolée, mwenye miaka 36, aliniambia kwamba na yeye ana kivimbe. Kesho asubuhi anapanda gari kwenda Bukavu, na najua kwetu mtu haondoki kwenye msiba wa dada yake kabla ya kuondoa matanga, basi mwenye lawama aniletee mimi.

Pélagie, pumzika kwa amani, huyu sitamwambia angoje.