Mlikula Wali wa Harusi Yangu

Bwana asifiwe! Bwana asifiwe tena! Hiyo amina ya pili imekuwa nyembamba kidogo, lakini naipokea. Mtaiongeza wenyewe baadaye, mkipenda.

Ndugu zangu, wengi mnanijua. Ni mimi Leokadia, mama Evodia, wa hapa hapa Bukiriro, nyumba ile ya juu ya kisima. Kwa mgeni aliyeketi benchi la mwisho niseme tu kwamba mimi ni Mhangaza, mkulima wa maharage na ndizi, na ni mke wa mtu. Hilo la kuwa mke wa mtu ndilo lililonisimamisha hapa leo.

Jumapili iliyopita dada yetu mmoja alishuhudia kwamba amepata viza, nanyi mkacheza mpaka benchi moja likavunjika mguu. Mimi sijaleta viza. Nimekuja kushuhudia viza ambayo sijaipata, na jinsi Bwana alivyoniokoa nilipokuwa naitafuta. Na nina hasira. Mchungaji aliniambia juzi, "Leokadia, punguza hasira kwanza ndipo usimame mbele." Nimepunguza, Mchungaji. Hii mnayoiona ndiyo iliyobaki.

Mume wangu nitamwita baba Evodia, kama nilivyozoea. Alizaliwa Burundi, akaletwa upande huu mgongoni mwa mama yake, akakulia kambini. Alikuja kulima kibarua kwa baba yangu. Lugha yao na yetu ni karibu moja, kwa hiyo tulielewana upesi kuliko baba alivyotaka. Tukafunga ndoa kanisa hili hili, siku ile ya mvua ambayo hamjaisahau. Miezi michache baadaye faili la mama yake likaitwa: mjane na watoto wake wasiooa wapelekwe kuishi nchi moja ya baridi huko ng'ambo. Siitaji nchi yenyewe maana nawajua, kesho mtakuwa njiani.

Hapo ndipo uongo wa kwanza ulipoanza, na nauungama, ulikuwa wa kwetu sisi wawili. Mtoto mwenye mke alikuwa anatolewa kwenye faili la mama yake, anaanza foleni upya. Baba Evodia akaniuliza afanyeje. Nikamwambia kwa mdomo wangu huu, "Andika hujaoa. Ukifika utarekebisha." Evodia alikuwa tumboni, miezi miwili. Akaandika hajaoa, akaondoka na mama yake. Mwaka wa kumi na moja sasa.

Hakunisahau, Mungu shahidi. Kila Jumapili anapiga simu. Mwaka juzi akapewa uraia wa kule, na raia wa kule ana haki ya kuomba mkewe na mtoto wake wamfuate. Tulifurahi! Nilianza kugawa masufuria yangu kwa majirani kama mtu anayeondoka kesho. Lakini faili la zamani lilikuwa linasema hajaoa. Ukimwomba mke uliyemficha wanakukatalia, na wanaweza kukuuliza hata huo uraia uliupataje. Tulipaswa kusema ukweli palepale. Badala yake mimi nikapanda basi kwenda Biharamulo mjini, kwa bwana mmoja mnayemfahamu wote kwa jina la Wakala.

Ndugu zangu, yule mtu alianza kwa maombi! Ofisi ya chumba kimoja karibu na stendi, ukutani ramani ya dunia na picha ya Yesu, yeye na shati lake jeupe. Alifumba macho akaomba vizuri kuliko mimi, akafumbua, akasema, "Mama, ile ndoa yako ya kwanza ndiyo inayokuharibia. Tutaifuta. Tutatengeneza nyingine ya karatasi. Mlioana mwaka jana, mumeo alipokuja likizo." Nikamwambia hajawahi kuja likizo. Akajibu, "Kwa Mungu yote yanawezekana." Alilitumia jina la Mungu kama tambara la kufutia meza! Nami nikaitikia amina.

Akasema nichome cheti changu cha ndoa kisije kikaonekana. Nikakichoma. Nilikisukumiza chini ya chungu cha maharage jikoni kwangu, nikaendelea kukoroga, na yale maharage tukayala. Sikufikiria kabisa kwamba kitabu cha kanisa cha miaka ile kilikwisha kuozeshwa na mvua, upepo ulipoezua paa la ofisi. Hicho kilichoungua ndicho kilichokuwa kimebaki.

Zikaja picha. Harusi yetu ya kweli haina picha hata moja, mpiga picha alikwama kwenye tope na hakufika. Wakala akataka picha za bibi harusi na bwana harusi. Bwana harusi yuko ng'ambo! Akauliza kama ana ndugu anayefanana naye. Yupo, ni Anicet, shemeji yangu, yeye alitoka kambini mapema akaenda kulima mahindi Runazi, ana pia kaduka ka chumvi na sabuni. Wanafanana pua na kipaji cha uso. Akaazimwa suti. Mimi nikakodishiwa gauni lililonibana, wakalifunga kwa pini mgongoni. Tukasimamishwa studio mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji, maua ya plastiki mkononi, na mpiga picha anapiga kelele, "Bwana harusi, sogea, mshike kiuno!" Shemeji wa watu alitoka jasho. Alinishika kama anayeepua sufuria bila kitambaa.

Mnacheka. Chekeni. Lakini mnajua kwetu mwanamke husimama na shemeji yake namna ile lini. Ni akifiwa na mume, ndugu wa marehemu akija kumrithi. Shangazi yao mzee anakaa kwa Anicet. Alipoziona zile picha kwenye simu alishika kichwa, "Mana yanje, Mungu wangu! Mtoto wetu amekufa lini, mbona sikuambiwa nije nilie?" Tukamweleza kwamba ni karatasi tu. Akasema, "Karatasi gani inayomuua mtu mzima wa afya?" Siku ile hakula kitu. Mimi nikamwona ni bibi wa zamani asiyeelewa mambo, nikamuaga, nikapanda basi langu.

Wakala hakuwa amemaliza. Kama mlioana mwaka jana, akasema, huyu mtoto wa miaka kumi hawezi kuwa wa mumeo. Ataandikwa mtoto wa nje, baba hajulikani. Akamwandikia Evodia majibu ya mahojiano kwenye daftari. Na nani alimfundisha? Ni mimi! Tukimenya mihogo mlangoni. Baba yako ni nani? Simjui. Na huyu wa kwenye picha? Ni mume wa mama. Unamwitaje? Namwita anko. Akijibu bila kukosea nampa kipande cha muwa. Nilimpongeza mwanangu kwa kumkana baba yake, nikiwa na akili zangu timamu, na Jumapili naimba kwaya sauti ya kwanza.

Karatasi zikatumwa. Wiki ya pili yake, tumetoka ibada, tumesimama hapo nje karibu na kengele, simu ikaita. Baba Evodia. Mtoto akaipokea kwa furaha, akasema, "Shikamoo, anko."

Sikusikia marahaba. Nikadhani ni mtandao, nikachukua simu, nikawa nasema haloo, haloo. Alikuwa analia. Huyu mtu hakulia hata siku alipoondoka. Akaniambia, "Mama Evodia, yule wakala wenu aliniambia habari za picha, nikakubali, ni kosa langu. Hakuniambia kwamba nitamtoa hata mtoto." Na Evodia amenishika kanga, ananiuliza, "Mama, nimekosea? Nimesema kama ilivyoandikwa."

Ndugu zangu, pale ndipo Bwana aliponikamata. Wengine mmeona mwanga, wengine mmeanguka chini. Mimi niliona aibu tu, aibu ya kuwashwa mwili mzima. Nilimwona mwanangu amesimama na kiatu chake cha shule, ana bidii, anataka kupasi, na somo lenyewe ni kwamba hana baba. Nikamwambia, "Hujakosea wewe. Nimekosea mimi." Nikalia mbele ya kwaya nzima, nanyi mkafikiri nimefiwa.

Baba Evodia aliandika kwa ofisi ya kule kwa mkono wake. Nilioa kabla ya kusafiri, nilimficha mke wangu, picha mlizopewa ni za uongo, mtoto ni wangu wa damu. Nilimwambia, watakunyang'anya uraia, utarudi kuwa mtu asiye na nchi kama ulivyozaliwa. Akasema, "Waninyang'anye. Kuitwa baba siwaachii." Nami nikaandika ya kwangu, na cheti nikasema nilikichoma mwenyewe. Wakala nilipompigia kumweleza, aliniambia nimelaaniwa kwa kukosa imani. Mimi nimekosa imani! Nilicheka mpaka nikakata simu.

Ofisi ikajibu. Viza hakuna. Uraia wake wanaupitia upya, na mpaka leo hatujui utaishaje. Lakini wamesema hivi: kama ile ndoa ya kwanza ilikuwepo, ithibitishwe. Karatasi zinazotoka mkononi mwangu hawaziamini tena, na wana haki. Wanataka watu. Watu waliokuwepo siku ile waandike na waape mbele ya wakili kwamba walikuwepo na waliona.

Sasa hasira yangu inakuja kwenu, ndugu zangu, na naomba mnivumilie.

Niliwazungukia nyumba kwa nyumba. Mmoja akasema anaogopa kuitwa mahakamani. Mwingine akaniuliza nikifika huko nitamkumbuka kwa kitu gani. Mwingine, na simtaji, ni yule yule aliyenielekeza kwa Wakala, akaniambia yeye ni mtu wa Mungu, hajihusishi tena na mambo yenye uongo ndani. Jamani! Nilipokuwa nakwenda studio kuvaa gauni la uongo mliniwekea mikono, mkanipaka mafuta, mkakemea kila roho inayozuia viza. Leo nimeleta ukweli, unaomba sahihi moja, na mikono yote inauma!

Mlikuwepo! Turubai lilijaa maji likawaangukia mezani, mkaendelea kula humo humo chini. Mama Paskazia, kiatu chako cha kushoto kilimezwa na tope, ukacheza na kimoja mpaka jioni. Mlikula wali wa harusi yangu, mkala na nyama, na wengine mlikunywa ile ya ndizi nyuma ya jiko, Mchungaji asiwaone. Mzee Sospeteri, shikamoo. Wewe ndiye uliyetusimamia ndoa, ulizikamata zile pete mbili kwenye kiganja wakati mvua inavuja juu ya madhabahu. Nilipokuja kwako ulisema macho yako hayawezi tena kuandika. Macho hayo hayo, mzee wangu, juzi yalimwona mbuzi wangu mmoja kwenye maharage yako kutoka upande wa pili wa bonde.

Nimemaliza kugomba. Namshukuru Mungu. Aliniokoa nikiwa nimekaza mwendo kuelekea shimoni, na alimtumia mtoto mwenye salamu. Amenirudishia binti ambaye sikujua nimempoteza. Kila Jumapili sasa anasema shikamoo baba, na marahaba inakuja, hata mtandao ukiwa mbovu. Viza ikija, nitaondoka kwa jina langu na ndoa yangu. Isipokuja, masufuria yangu nimeyachukua tena kwa majirani, na mvua za kwanza zimenikuta na jembe mkononi. Mwaminini Mungu huyu, ndugu zangu. Mwaminini hata kwa jambo lenye karatasi.

Mgeni aliyeketi benchi la mwisho, mliyekuwa mnamgeukia tangu asubuhi, ni wakili kutoka Ngara mjini. Amekuja na muhuri wake. Sitawaomba mfumbe macho wala mnyooshe mkono. Aliyekuwepo siku ya harusi yangu asimame, basi.

Nasubiri.

Asante, Mama Paskazia. Mungu akubariki, na leo una viatu vyote viwili. Asante, baba Jonasi. Asanteni ninyi wa kwaya. Dada niliyesema simtaji, na wewe? Njoo, sikukasirikii, pita mbele.

Mzee Sospeteri, naona unatafuta fimbo. Polepole, baba, hakuna haraka. Evodia, mwanangu, mshike babu mkono, mpeleke mezani, umpe kalamu. Anasema atatia sahihi hata kama haoni. Ubarikiwe, mzee wangu. Anauliza bwana harusi aandikwe nani.

Mwambie, mwanangu. Jina lote la baba yako, kwa sauti, wasikie hadi walioketi nje.