Hirpo Aliposhika Ngao Yake Mwenyewe

Kijiwe chetu kiko Kofele, pale barabara ya sokoni inapokutana na njia ya kuteremkia mtoni. Ni gogo moja tu la mkaratusi, tumelikalia miaka hadi linang'aa, na mbele yake jiko la Mama Ayantu na birika lake la udongo. Asubuhi hiyo baridi ya mwezi wa nane ilikuwa inauma, tumejifunika mablanketi mpaka masikioni. Tulikuwa wanne. Redio, fundi cherehani, ambaye hajawahi kuzimwa. Mwalimu Nusu, aliyesoma chuo cha ualimu mwaka mmoja badala ya miwili, akarudi na miwani. Breki, dereva wa gari la farasi, ambaye mjini hapa hakuna wa kumfikia juu ya tandiko. Jina hilo alipewa kwa sababu hana. Na mimi, Chumvi, kwa kuwa ndiyo ninayouza. Siku hiyo hakuna aliyeuliza habari za nyumbani. Jana yake tulikuwa wote uwanjani, na tulichokiona hakikuwa kimetutoka machoni.

— Mimi nasema yule mtu aliongea na ile ngozi, — Redio alianza. — Aliiambia usipite mkuki, na haukupita. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Huyo ni samaki, — alisema Mwalimu Nusu. — Sisi tunaongelea ng'ombe.

— Samaki ana ngozi, hana ngozi?

— Ana magamba. Kunywa kahawa yako.

Kisa chenyewe ni hiki. Mzee Gobana Tufa alifariki mwezi wa sita. Siku ya maziko wakamchinja Dalacha, dume lake la ng'ombe la kijivu, lililokuwa likimfuata mzee njiani kama mbwa. Kwetu mzee mwenye heshima yake akifa, siku ya kumkumbuka farasi wake huzungushwa uwanjani bila mpanda, na ngao ya marehemu imening'inia kwenye tandiko. Walipopanda darini kuitoa ngao wakakuta panya wamekula nusu. Kofele nzima hakukuwa na ngao nyingine ya ngozi ambayo si ya kuazima, na ngao ya marehemu haiazimwi. Ndipo Bontu, binti mkubwa wa mzee, alipojifunga kitambaa chake cheupe akateremka mtoni kwa Hirpo.

Hirpo ni mtengeneza ngozi, kama baba yake na babu yake. Matandiko yetu yote wanatengeneza wao. Kitanda alichozaliwa Redio kimefumwa kwa kamba zao. Lakini hatuli nao wala hatukai nao, na wakija kunywa kahawa husimama kule mtaroni na kikombe chao wenyewe. Ukimuuliza mtu kwa nini, atakwambia ndivyo tulivyokuta.

— Chumvi, — Redio alinigeukia, — wewe ulikuwa unampelekea mzigo wa chumvi kila wiki. Ulikuwa unachungulia. Tuambie dawa aliyotia.

— Hakutia dawa.

— Kila kitu kina dawa.

— Nilikuwepo siku Bontu alipofika, — nikasema. — Alikuwa na ngozi ya Dalacha imekunjwa juu ya punda. Hirpo hakumuuliza neno. Aliifungua chini, akapiga magoti, akaipapasa yote kwa viganja, kama mtu anayetafuta sindano kwenye blanketi. Akafika begani akasimama. Akasema, "Mama, hapa pana kovu."

— Kovu la pembe, — Breki alisema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu tukae. Mzee Gobana alikuwa mjomba wake. — Dalacha alipigana na dume la jirani. Nilikuwepo.

— Basi hilo. Akamwambia Bontu, ngao hukatwa begani, ndiko ngozi ni nene, na kovu liko hapohapo. Ngozi ikikauka, kovu linaweza kupasuka. Bontu akasema, tafuta ngozi nyingine. Hirpo akamuuliza, "Dalacha mwingine yuko wapi?" Mama wa watu akashika kamba ya punda, akageuka. Akamwachia ngozi.

Mama Ayantu alikuwa amesimama na birika mkononi, hamimini.

— Endelea, — akaniambia.

Nikawaeleza. Alivyoiloweka, akaikwangua manyoya kwa ubapa wa kisu bila kuichubua. Alivyojenga kichuguu cha udongo, akakishindilia kwa miguu mpaka kikawa kigumu na mviringo kama mgongo wa kobe, akaitandaza ngozi mbichi juu yake na kuivuta pande zote kwa vigingi vya mzeituni mwitu, hamsini na mbili, nilivihesabu. Kila asubuhi anaigonga kwa nyundo ya mti. Hapigi kwa nguvu. Anagonga, anaweka sikio, anagonga tena. Nilimuuliza anasikiliza nini. Akasema ngozi ikiwa bado na maji ndani husema kama mlango, ikikauka husema kama ngoma, na mtu asiyejua tofauti akafinyange vyungu.

— Unaona? — Redio akadakia. — Inasema. Nimewaambia aliongea nayo.

— Huo ni mtikisiko, — alisema Mwalimu Nusu, akasukuma miwani. — Hewa ikibanwa kati ya ngozi na udongo inakuwa ngumu. Hewa ngumu haipitishi chuma. Ndege inakaaje angani? Kwa hewa ngumu.

— Kwa hiyo Hirpo ametengeneza ndege?

— Kwa nadharia, ndiyo.

Siku nyingine tungecheka hapo. Hatukucheka. Nikaendelea, kwa sababu sehemu iliyobaki ilikuwa imenikaa kifuani.

Mvua ilikuja siku ya tisa ikakataa kuondoka. Ngozi ya ngao haikaushwi kwa moto, itajikunja. Haikaushwi kwa jua kali, itapasuka. Inataka kivuli na upepo, na kule mtoni kulikuwa na ukungu tu. Siku ya kumi na mbili nilipofika nilisikia harufu kabla sijafika uani. Ngozi ilikuwa inaanza kuoza kwenye ukingo. Hirpo alikuwa anang'oa vigingi kimoja kimoja. Akaibeba ngozi mgongoni, mbichi, inamchuruzikia shingoni, akapanda nayo mlimani mpaka kule juu kwenye upepo ambako wachungaji wenyewe hawakai. Mwendo wa saa tatu, kwenye tope. Akajenga kichuguu kipya. Akakaa na ile ngozi siku kumi na tano, kala shayiri ya kukaanga na maji ya mvua. Nilimpelekea chumvi na samli mara mbili. Mara ya pili midomo ilikuwa imempasuka kwa baridi na alikuwa anachora miduara kwenye ngozi kwa ncha butu ya pembe, mmoja ndani ya mwingine, polepole, kama mtu anayeandika jina la mtoto wake. Hakuniona nilipofika. Nilisimama pale, jamani, nikaona haya kukohoa.

— Na kovu? — aliuliza Mama Ayantu.

— Nilimuuliza. Alinionyesha upande wa ndani, pale katikati anapofunga mkanda wa kushikia. Akasema, "Nimeliweka nyuma ya ngumi. Likipasuka, mwenye ngao ndiye atakayejua wa kwanza."

Kahawa ilikuwa imeanza kupoa kwenye vikombe. Mama Ayantu akatia mkaa.

Yaliyotokea jana yake wote tuliyaona, lakini ni mambo ambayo mtu anataka kuyasikia tena. Ngao ilipoletwa uwanjani, nyeusi, inang'aa kwa samli, baadhi ya ndugu wa marehemu walianza kunong'ona. Ngao gani hii ya siku hizi. Pambo tu. Mmoja alisema ni ungo wa kupepetea shayiri, na mmoja huyo, Mungu anamwona, amekaa kwenye gogo hili na jina lake ni la chombo cha kupokea habari. Bontu aliinamisha kichwa. Hapo Hirpo akatoka kule nyuma walikokuwa wamesimama watu wa ngozi. Akasema kwa sauti ya kawaida kwamba zamani ngao haikupokelewa kabla ya kujaribiwa, na anayeishika siku ya kujaribiwa ni aliyeitengeneza. Akavaa mkanda mkononi. Akatembea mpaka katikati ya uwanja. Akamnyooshea kidole Breki, aliyekuwa juu ya farasi na mkuki wake, autupe.

— Kwa nini wewe? — Mwalimu Nusu alimuuliza Breki sasa. — Walikuwepo wapanda farasi ishirini.

Breki aligeuza kikombe mkononi.

— Nilimfuata kumwambia sitaki. Nikainama kwenye tandiko, nikamwambia, kaka, nitautupa kwa upole, utateleza, watu watapiga makofi, tumalize. Akaniambia, "Ukitupa kwa upole mimi nitajua. Na mjomba wako atajua." Akaniambia nilenge katikati.

— Ukalenga?

— Nililenga katikati.

Redio alifungua mdomo, Mama Ayantu akamtazama, akaufunga.

— Nimetupa mkuki tangu nina miaka kumi, — Breki alisema. — Nimetupia magogo, nimemtupia fisi. Sijawahi kumtupia mtu. Farasi alishika mbio, nikasimama kwenye vikuku vya tandiko, na pale mkono ulipokuwa juu nikaona macho yake juu ya ukingo wa ngao. Hayakuwa yananitazama mimi. Yalikuwa yanautazama mkuki, kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake. Nikauachia. Sikujizuia hata kidogo, na hilo ndilo lililonifanya nisilale.

Tulikumbuka mlio. Haukuwa wa kupasuka. Ulikuwa mlio mmoja mkavu, kama ngoma iliyopigwa mara moja, ukarudi kutoka mlimani. Mkuki ukaruka pembeni ukachoma nyasi. Hirpo alirudi nyuma hatua mbili, akapiga goti moja, akainuka. Kwenye ngao, katikati kabisa, mkwaruzo mweupe wa urefu wa kidole. Basi. Bontu alienda akaupapasa ule mkwaruzo, akaichukua ngao kwa mikono miwili na kuitundika kwenye tandiko la baba yake. Farasi akazungushwa. Wanaume wazima walikuwa wanafuta pua.

— Ni Dalacha, — alisema Redio, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. — Mimi sina nadharia nyingine. Lile dume lilimjua aliyeutupa. Lilimwona Breki tangu akiwa mtoto. Likauambia mkuki, pita huko. Damu nzito kuliko maji.

— Damu ya ng'ombe, Redio.

— Damu ni damu.

— Mimi nafikiri, — Mwalimu Nusu alisema, akavua miwani kabisa, — kwamba mtu akigonga kitu siku ishirini na saba, akikisikiliza, kile kitu kinakuwa... — Akatafuta neno. Hakulipata. Chuo walikuwa bado hawajafika hapo, nadhani, alipoacha.

Ndipo tulipomwona Hirpo anapanda njia ya kutoka mtoni. Blanketi begani, mkono wa kushoto ameuficha ndani yake, wa kulia umeshika mkuki. Alikuja moja kwa moja hadi kwa Breki.

— Uliusahau kwenye nyasi, — alisema. — Ncha ilikuwa imepinda. Nimeinyoosha.

Breki akaupokea kwa mikono miwili. Akaipapasa ncha, akasema:

— Umeamkaje, kaka?

— Salama.

Hirpo akageuka aende. Mama Ayantu alikuwa ameshamimina. Hakuchukua kikombe cha kule mtaroni, alichukua katika hivihivi vyetu vyenye ua jekundu, akatia chumvi na tone la samli, akamnyooshea.

— Kahawa hii, baba. Ya moto.

Hirpo alikitazama kile kikombe. Akakipokea kwa mkono wa kulia. Akatazama kule mtaroni, kisha akatutazama sisi tulivyojipanga kwenye gogo.

— Nikae wapi? — akauliza.

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mgeni anavyouliza mahali popote. Na sisi ambao tangu alfajiri tulikuwa na jibu la kila kitu, la hewa ngumu na ng'ombe anayefahamu, tulikaa tukikodolea macho yale majivu ya jiko. Nilifikiria kumwambia karibu. Neno lilikuwa mdomoni. Nililikuta zito, na sijui kwa nini, maana ni neno ninalolisema mara mia kwa siku dukani.

Breki akainuka ampishe. Mwalimu Nusu alipoona Breki ameinuka, naye akainuka. Redio naye. Nami nikajikuta wima. Kufumba na kufumbua gogo likawa tupu, tumesimama wanne na vikombe vyetu kama watu waliofukuzwa.

— Nimeuliza nikae wapi, — alisema Hirpo. — Sikuwaambia muondoke.

Akaketi katikati. Akapuliza kahawa, akanywa. Blanketi lilimteleza begani, na hapo tukauona mkono wa kushoto: ngumi imevimba ukubwa wa nanasi changa, imekuwa ya zambarau mpaka kwenye kifundo cha mkono. Ngozi ya Dalacha haikupasuka penye kovu, lakini pigo lilipita na kuingia kwenye mifupa ya aliyeishika. Tangu jana hakumwambia mtu.

Breki aliuona. Akaulaza mkuki chini, akazunguka, akaketi upande huohuo wa kushoto, karibu, maana gogo lenyewe ni fupi, akalivuta blanketi la Hirpo akamfunika taratibu, akiangalia asiuguse ule mkono. Hirpo akamwachia.

Sisi watatu tukabaki tumesimama, kila mmoja akimsubiri mwenzake. Mama Ayantu alikuwa anatutazama, birika mkononi.

— Sogeeni huko, — Redio akasema hatimaye. — Miguu inaniuma.