Magugu ya Shamba la Leif

Benchi letu liko nje ya kituo cha mafuta cha Vangsby, upande wa jua, na kahawa tunajimiminia ndani. Mwezi wa Aprili Mungu alimchukua mwanangu Leif, kabla hajapanda viazi sukari, vile vinavyokamuliwa sukari kiwandani. Kwa desturi yetu hapa bonde la mto Red River, majirani walikuja na matrekta yao wakampandia, na Juni wakarudi kunyunyiza dawa. Mbegu ni ile isiyodhurika na dawa: unanyunyiza shamba zima, magugu yanakufa, viazi vinabaki. Sasa ni Agosti, na mchicha pori umevipita viazi kwa urefu. Mchicha huo ukidondosha mbegu zake, shamba halitafaa tena, na mkwe wangu Marit, mjane wa Leif, atalikodisha, ahame na wajukuu zangu.

Jumapili baada ya ibada tulikaa watatu: mimi, Pipa, ambaye tumbo ndilo lililompa jina, na Askofu, ambaye kazi yake kanisani ni kupitisha sahani ya sadaka tu.

— Dawa imechakachuliwa, alisema Pipa. Wanatia maji hao wauzaji.

— Si ulinyunyiza mwenyewe?

— Nilipiga kidogo kidogo, Askofu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Umejaza kibaba cha magugu!

— Na wewe uliyerudia dawa ileile?

— Dawa ya moto ni moto, bwana. Yakikataa, unarudia.

— Yakakataa tena.

— Basi ni bata mwitu. Wanakula mbegu huko kusini, wanakuja kutunyea huku.

— Bata gani wanachagua shamba la mfiwa? Mimi nakwambia magugu haya yana akili. Yakisikia trekta, yanafumba majani.

— Yanafumba! Kama wewe macho, mahubiri yakianza.

Nilicheka kidogo. Sikuwa nimecheka tangu mazishi.

Ndipo gari la Marit likasimama mbele yetu. Hakuwahi kufika kijiweni. Wazee wakavua kofia, Pipa akajisogeza.

— Karibu, binti. Kaa.

— Ahsante, sikai. Nina swali moja tu, baba zangu. Mlipomaliza kunyunyiza mara ya mwisho, nani alirudi kutazama yaliyobaki hai?

Siku ile ya mwisho ya kunyunyiza tulikuwa wengi, tulikula pamoja, tukasali pamoja, na kila mtu aliona kurudi ni kazi ya mwenzake.

— Nimeleta magunia, Marit akasema. Yang'olewe kwa mkono, yatolewe shambani.

— Leo Jumapili, mwanangu, Askofu akanong'ona.

— Najua, baba. Mbegu hazijui.

Pipa na Askofu wakanigeukia. Nikaweka kikombe chini, nikaingia kwenye gari. Nyuma yangu nikasikia Pipa akihema, akijipakia, kisha Askofu.

Shambani, mchicha wa kwanza ulinifika kifuani. Niliuvuta, ukakatalia ardhini. Nikaushika kwa mikono miwili, nikalitaja jina la Bwana, nikavuta tena.