Nyundo Zikinyamaza, Makala Inapanda

Mgeni rasmi, Mama yetu Mkurugenzi, pamoja na wote mlioketi meza kuu, ambayo kwa siku za kawaida ni meza ya kukatia vitambaa:

KARIBU

Sisi mafundi wa karakana ya makochi, wapiga misumari, washonaji, wajazaji wa sponji na mfumuaji wetu, tunakukaribisha kwa furaha ambayo tangu asubuhi imetufanya tushindwe hata kunywa chai vizuri. Tumefagia mpaka chini ya mashine, mahali ambapo hapajaona ufagio tangu mashine ziletwe. Shangazi wa cherehani amevaa viatu vinavyombana, na ametuagiza tuvitaje ili ujue ameteseka kwa ajili yako. Tumevitaja.

Kabla hatujaendelea tunaomba radhi kwa mambo mawili. Utasikia nyundo zikipigwa wakati risala inasomwa. Pia utasikia sauti ya msomaji ikitoka nyuma ya pazia lile la kijani, wala yeye humwoni. Hatukukosei adabu. Ndio utaratibu wa kazi yetu, na maelezo yake yanakuja. Wewe starehe tu kwenye kiti tulichokuwekea, hicho cha kahawia, na kile kimfuko kinachoning'inia kwenye mkono wa kiti usikifungue kwanza. Zamu yake itafika.

TULIKOTOKA

Mgeni rasmi, blogu ya karakana ilianza kwa agizo lako, na kazi ya kuiandika tukampa Fundi Mkuu kwa kuwa ndiye mwenye simu kubwa. Unamfahamu. Kinywa chake hushinda kimejaa misumari midogo, anaitoa mmoja mmoja na kuigongelea, ndiyo maana tunamwita Misumari, na ndiyo maana haongei. Basi mtu asiyeongea ndiye tuliyemkabidhi maneno. Akaandika: "Karibuni wateja wetu wapendwa. Tuna makochi bora kwa bei nafuu." Wiki iliyofuata akaboresha: "kwa bei nafuu sana." Wasomaji tulikuwa sisi wenyewe, tena kwa kusukumana.

Ndipo ikaja siku ya kochi lililopinduliwa. Misumari alikusudia kupandisha picha ya kochi jipya linalong'aa. Kidole chake, ambacho unakijua ukubwa wake, kikagusa picha iliyokuwa jirani yake: kochi kuukuu, miguu juu, gunia limechanika, springi zimetoka nje kama utumbo, na katikati ya springi vijiko, kitana na soksi moja ya mtoto. Chini ya picha maneno yakabaki yale yale, kwamba makochi yetu ni bora kwa bei nafuu sana.

Asubuhi tukakuta maoni yamefurika. Mmoja aliandika, "Hicho kitana ni changu!" Mwingine akauliza, "Jamani, kumbe ndani ya kochi ndivyo kulivyo? Langu hulia kila nikikaa, ni ugonjwa gani?" Mwingine alitaka kujua soksi tunaiuza kiasi gani.

Misumari alitema misumari yote kwa mpigo mmoja. "Nifute?"

"Thubutu!" Shangazi akamjibu. "Ukifuta nakushona huo mdomo. Watu wanauliza, wajibuni!"

Nani awajibu? Hapo ndipo tulipomkumbuka mwenzetu tunayemwita Binti Pazia. Yeye ndiye mfumuaji. Hukaa nyuma ya pazia linalozuia vumbi, na kochi kuukuu likiletwa yeye ndiye wa kwanza kulifungua. Kila kinachodondoka hukitia kwenye kimfuko alichokishona kwa kitambaa cha mabaki, akakifunga kwenye kochi ili lirudi nyumbani na mali ya wenyewe. Hakuna aliyemtuma, kazi hiyo alijitungia. Darasani aliishia la tano, na haya anayo mpaka basi: mteja akimsalimia, yeye huliitikia kochi. Lakini Shangazi alipompenyezea ile simu kwenye pembe ya pazia, simu haikurudi mpaka saa ya kufunga.

Alikuwa amewajibu wote. Yule wa kochi linalolia alimwandikia: "Dada, si ugonjwa. Ubao wa mbele umeachia msumari. Lipindue, utauona. Wala usilionee aibu, kila kochi kwa chini liko hivyo hivyo."

TULIPOFIKIA

Tangu siku ile tunaandika kama watu wanavyouliza. Kichwa cha habari hakisemi tena "Huduma Bora za Samani". Kinasema "Mto Umelala Kama Chapati, Utaamka Vipi?" Makala za zamani za Misumari tulizipitia, tukafuta zinazofanana, ikabaki moja, na hiyo tumemwachia kwa heshima ya umri. Picha tumezipunguza uzito, baada ya msomaji mmoja kulalamika kwamba akifungua ukurasa wetu anaweza kufua, kuanika na kuanua kabla haujatokea. Makala mpya hupanda kila Jumamosi bila kukosa, kwa sababu Jumamosi tuliyochelewa mtu alipiga simu kuuliza ni nani kafariki.

Lakini tunachojivunia kuliko vyote ni nyundo. Kabla makala haijapanda, Binti Pazia huisoma kwa sauti kutoka kule nyuma, nasi tunaendelea na kazi. Hatumwambii nzuri wala mbaya. Sisi ni watu wake, tungemdanganya. Zinazosema ni nyundo. Zikipiga mpaka mwisho, makala inatupwa. Zikinyamaza zenyewe, kwa kuwa watu wamesahau mikono yao, inapanda. Zilizotupwa ni nyingi. Ile ya historia ya sponji, Misumari aliongeza kasi.

Wateja sasa wanakuja wakitaja makala, na wengine wanakuja na kochi limeshapinduliwa tayari. Na miongoni mwa wasomaji wetu yuko mmoja wa pekee, anayejiita Naketi Sakafuni. Huyu aliandika: "Kiti cha baba yangu kinanichoma, na mwenyewe hataki kiguswe. Nikienda kumsalimu naketi sakafuni kama mtoto. Kuna nini ndani?"

Binti Pazia akamuuliza kinachoma upande gani.

"Wa kushoto. Kama kina kinyongo na mimi."

"Na baba yeye hakimchomi?"

"Kinamchoma. Anasema amekizoea."

Wakaendelea hivyo, Jumamosi kwa Jumamosi, wawili hawa wasiojuana, wakipanga namna ya kumbembeleza mzee wa watu. Mwishowe Naketi Sakafuni akaandika: "Amekubali! Lakini amesema kikirudi kimebadilika umbo, mimi si mwanawe tena." Nyuma ya pazia Binti Pazia alicheka mpaka tukadhani amepaliwa na vumbi, Shangazi akamkimbilia na maji.

YANAYOTUKWAZA

Mgeni rasmi, kwenye kikao ulisema kampuni yenye heshima haiwezi kuonyesha watu matumbo ya makochi, na kwamba kuanzia mwezi ujao blogu itaandikwa na kampuni ya matangazo. Tunakuelewa. Mahoteli na maofisi yanatutazama, na wewe ndiye unayeulizwa.

Vijana wa matangazo walikuja. Ni watu wazuri, walituletea keki. Walituletea pia makala ya mfano, iliyonyooka, haina doa, nasi tukaisoma kwa utaratibu wetu. Nyundo hazikusimama. Wao wenyewe wakaanza kucheka, mmoja akasema, "Hata mimi ningekuwa na nyundo ningeendelea." Kisha akauliza, "Na huyu mwandishi wenu amesomea wapi?"

"Hapo hapo nyuma ya pazia," Shangazi akamjibu, "na bado hajahitimu."

Tulicheka wote isipokuwa mmoja. Tangu tangazo lile Binti Pazia anafumua tu. Simu anairudisha mapema. Vitu vinadondoka kutoka kwenye makochi, anavitia kwenye vimfuko bila kutuambia ni nini. Juzi alikuta jino la mtoto limefungwa vizuri ndani ya karatasi ya peremende, na hakumwita mtu. Mgeni rasmi, zamani kwa jino lile karakana nzima ingesimama.

TUNAYOYAOMBA

Tunaomba vijana wa matangazo wasifukuzwe. Watusaidie ukurasa ufunguke upesi, mtu akitafuta fundi wa kochi atuone sisi kwanza, na mahoteli yatengenezewe chumba chao cha heshima humo ukurasani, chenye makochi yaliyosimama kwa miguu yao. Lakini maneno yabaki hapa, yapimwe kwa nyundo, na aliyekuwa akiyaandika aendelee kuyaandika.

Tunaomba simu ya karakana. Hii ya Misumari kioo kimepasuka, na mwenzetu anasoma maoni kwa kuchungulia pembeni mwa ufa.

Ombi la mwisho ndilo la kimfuko.

Hivi karibuni dereva wako alishusha kiti hapa. Tukamuuliza ni cha nani. "Mimi sijui," akasema, "na nimeambiwa nisijue." Kilikuwa kinachoma upande wa kushoto.

Mgeni rasmi, hatumtaji Naketi Sakafuni. Hatumjui. Tunachosema ni kwamba kiti cha baba yake ndicho ulichokikalia tangu risala hii ianze, kwa umbo lake lile lile. Kama ulikitambua ulipoingia, tunakushukuru kwa kututunzia siri. Na kama bado umekaa, basi hakichomi tena.

Binti Pazia alipokifungua, kilichokuwa kikichoma hakikuwa springi. Ilikuwa futi ya chuma ya kukunja, imesimama wima kati ya springi mbili, ina alama ya Mzee aliyeanzisha karakana hii, yaani baba yako. Ni ile futi ambayo kwa miaka mingi Mzee amekuwa akimdai Misumari. Mpaka leo akija kututembelea hasalimii, anauliza tu, "Wewe, futi yangu iko wapi?"

Siku hiyo Binti Pazia alisahau haya zake. Alitoa mkono nje ya pazia, futi imo kiganjani, akaita, "Baba Misumari! Njoo uone!" Misumari akaja, akaitazama, akatema misumari, akakaa chini sakafuni. "Jamani," akasema, "kumbe alikuwa ameikalia!" Hakuna nyundo iliyopiga tena mpaka jioni.

Habari hiyo hatujaiandika. Ni ya nyumbani kwako, na bila ruhusa yako haipandi. Kichwa chake kipo, ni maneno ya msomaji wetu mwenyewe: "Kiti cha Baba Kinanichoma, Kuna Nini Ndani?" Tunaomba ruhusa iandikwe, na iandikwe hapa. Sasa fungua kimfuko, Mama. Na siku ya kumrudishia Mzee futi yake, tunakusihi umchukue na Misumari. Hatasema kitu. Anataka kusimama pale mlangoni tu.

Hatuhitaji hotuba ya majibu. Sisi nyundo zetu tumekwisha kuziweka chini.

Mstari unaofuata umeongezwa na Shangazi kwa mkono wake, na msomaji anauona kwa mara ya kwanza: Mwanangu, yule mliyekuwa mkiandikiana naye kila Jumamosi yuko hapa na hajawahi kukuona. Toka. Yaliyobaki yasome ukiwa mbele yake.

Mgeni rasmi, Mungu akujalie afya, biashara inayotembea, na viti visivyokuwa na kinyongo. Amjalie Mzee maisha marefu, apate muda wa kutosha wa kumwomba mtu radhi. Nyumbani kwako asiwepo tena wa kuketi sakafuni, ila kwa kupenda.

Ni sisi,
Mafundi wa Karakana ya Makochi.

Imeandikwa na kusomwa na mfumuaji, akiwa upande huu wa pazia.