Silvano Lomorukai Emanikor na Mitungi ya Lopur

Silvano Lomorukai Emanikor alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Kataboi, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Emanikor na mama Akiru, ambaye leo yuko hapa akimzika mwanawe. Ukame wa 1984 ulipomaliza mbuzi wa baba yake, alipelekwa kwa shangazi yake Kanamkemer, mjini Lodwar. Akaanza darasa la kwanza akiwa na miaka kumi, magoti hayaingii chini ya dawati. Alimaliza sekondari mwaka 1996, akasomea ufundi wa maji Nairobi, na mwaka 2001 akarudi nyumbani kutengeneza visima.

Huko Kakuma alikutana na mwalimu Estelle Kasongo, aliyekuja kutoka Uvira kama mkimbizi. Siku ya kwanza kumtembelea, alimpelekea kidumu cha maji aliyoyachuja mwenyewe. Estelle alicheka hadi majirani wakatoka nje. “Benzako banaletaka maua, weye unaniletea mayi?” Lakini alikipokea. Walifunga ndoa kanisani Kakuma tarehe 12 Desemba 2009.

Kazi aliyoipenda kuliko zote aliianza mwaka 2022 katika kijiji cha Lopur. Kisima cha huko kina floridi, chumvi inayotia meno ya watoto rangi ya kahawia na kukakamaza mifupa ya wakubwa. Mradi mmoja ulimpa mitungi miwili mirefu iliyojazwa chembe nyeupe za polima, aina ya plastiki, ndogo kama punje za mtama, zenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Marehemu alipenda kueleza kwamba kila chembe ni kichuguu: nje kimoja, ndani njia elfu. Maji yakipita, floridi na chumvi nyingine hunaswa humo. Alisema kwa fahari kwamba ndugu za chembe hizo hutumika ng’ambo kuhifadhi gesi.

Hapa familia ilibishana. Wajomba walitaka aya inayofuata ifutwe, wakisema marehemu hasemwi. Lakini yeye mwenyewe aliagiza isomwe, na agizo la anayekufa halipuuzwi.

Mwanzoni akina mama wa Lopur walilalamika. “Maji haina nguvu. Hata mbuzi inakataa.” Baada ya miezi kadhaa wakamwambia, “Sasa maji imepona.” Lomorukai alifurahi, akaandika kwenye ripoti kwamba wameyazoea. Hawakuwa wameyazoea. Vichuguu vilikuwa vimejaa, na ladha ya chumvi ilikuwa imerudi pamoja na floridi. Ilipita miezi minane kabla hajayapima tena. Watoto waliota meno katika miezi hiyo, na yeye ndiye aliyewaambia wanywe.

Jumapili tarehe 20 Agosti 2023 alisimama mbele ya watu wa Lopur akakiri, akiwa ameleta mbuzi wa faini. Nakaale Lomuria, mama wa watoto wanne, alimjibu mbele ya wote: “Fundi, mbuzi tutakula siku moja tu. Mimi nataka unifundisha kuosha hiyo kitu.” Lomorukai alimwahidi. Kisha akawa anakwenda kuosha chembe mwenyewe kila mwezi, ili floridi iliyonaswa itoke, na kila Nakaale alipomkumbusha, alisema mwezi ujao. Dawa ya kuoshea inachoma ngozi, alisema. Ukweli ni kwamba hakumwamini mtu mwingine tena, na zaidi ya wote hakujiamini yeye. Tunampenda, lakini hapo alikosea mara ya pili.

Mwezi Februari mwaka huu alianza kushindwa kumeza. Hospitali ya Lodwar ilimpeleka Eldoret, ikaonekana ni saratani ya koo la chakula. Alipojua hatarudi Lopur, alianza kumfundisha Nakaale kwa simu, sauti ikipungua kila siku. Walipomaliza hatua ya tatu kati ya tano, sauti ilikatika. Estelle alimpa kalamu, mkono ukashindwa. Alifariki Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akimtazama mkewe kama mtu aliyekatizwa kusema. Inatuuma sana.

Amemwacha mama yake Akiru, mjane wake Estelle, watoto watatu, Magloire, Ekuru na Immaculée, na dada zake wawili. Ameacha pia mitungi ambayo siku yake ya kuoshwa imepita kwa wiki tatu. Mradi ulishafungwa, na simu zao hazishikwi. Nakaale yuko hapa, ameketi nyuma ya wanakwaya, na daftari lake lina hatua tatu. Mbili zilizobaki ni za kuondoa dawa ndani ya chembe ili maji yasimchome anayekunywa. Anayezijua, kwa hisani yake, amwone kabla hajaondoka makaburini.

Mungu ampe Lomorukai pumziko ambalo yeye hakujipa. Watu wa Lopur, maji ya mitungi msiyanywe bado.