Choo ya Ruban Nyekundu

FLORENTIN: Haloo? Ni nani huyu iko ndani ya choo?

FIFI: Jambo kwanza, Patron. Umelamuka?

FLORENTIN: Nimelamuka— nani?

FIFI: Ni miye Fifi, wa kuchagua mawe ya kasiterite kwa depo yako. Unaniita mwenyewe, tena unauliza nani?

FLORENTIN: Sentineli anayelinda alisema muntu iko ndani, akanipa namba ya simu tu! Mama Fifi, ile choo haijafunguliwa! Ruban ya kukata iko mulangoni, fanfare ya kupiga muziki inakuja, pasteri na imamu wataibariki pamoja—

FIFI: Ruban sikuigusa. Nilipita chini yake.

FLORENTIN: Toka!

FIFI: Nimefunga kwa ndani.

[rezo ya simu inakwaruza]

FLORENTIN: ...niko mu gari na Madame Sandrine, ule wa haki za wafanyakazi. Anakuja kuona kama wanamuke wako na choo!

FIFI: Basi ataona. Choo iko, na mwanamuke iko ndani.

FLORENTIN: Fifi!

FIFI: Sikiliza, Patron. Kwa wageni wa mwaka jana, ulituvalisha buti. Gari yao haijafika kwa bac ya kuvuka mto, ulishatuvua. Leo hii wakienda utapiga kufuli. Sisi turudie kunywa maji kidogo-kidogo kama kuku, juu ya kuogopa kwenda porini. Mwenzetu Princesse alienda porini, ukamufukuza kazi.

FLORENTIN: Alikawia!

FIFI: Pori iko mbali!

FLORENTIN: Aa, mama. Wakati ya vita tulivumilia. Nani aliomba choo?

FIFI: Weye.

FLORENTIN: Miye?

FIFI: Risasi zikilia, ulijificha mu choo ya mama yangu mpaka jioni. Alikuambia ungoje fanfare?

[Florentin anashusha sauti]

FLORENTIN: Ongea polepole, basi. Unataka nini?

FIFI: Ufunguo ikae kwetu wanamuke. Siku zote. Na Princesse arudie kazi. Useme kwa nguvu, mugeni asikie.

FLORENTIN: Hapana, kabisa!

FIFI: Basi nakaa. Niko na chikwangue ya muhogo na pilipili.

FLORENTIN: Unakula mu choo?!

FIFI: Iko safi, Patron. Hakuna muntu aliyeitumia.

FLORENTIN: Yee, tumefika! Fifi, nakuomba. Madame ametoka mbali, kule Punia, barabara imemukoroga tumbo. Amesimama mbele ya mulango, anabadilisha miguu.

FIFI: Masikini. Sema, basi.

FLORENTIN: [anapaza sauti] UFUNGUO YA CHOO ITAKAA KWA WANAMUKE! SIKU ZOTE! NA PRINCESSE ARUDIE KAZI! Haya, fungua!

FIFI: Asante, Patron. Nafungua... Pole, ruban imekatika.

FLORENTIN: Acha tu ruban— Eh! Hawa wote wametoka wapi? Mulongo ya kungoja choo inafika mpaka geti ya portail!

FIFI: Ndio wenye choo, wanamuke wa depo.

FLORENTIN: Mupishe mugeni! Madame, pita mbele, tafazali— Anakataa! Anasema atafuata mulongo kama wengine. Mungu wangu, amesimama nyuma ya Euphrasie!

FIFI: Euphrasie? Ule anaongea hata akilala?

FLORENTIN: Ameshaanza kumuelezea ya buti! Madame anatoa kalamu, anaandika! Fifi, ambia ba mama waende mbio-mbio mule ndani!

FIFI: Ah, Patron, tumejibana miezi mingi. Leo hakuna wa kukimbizwa.

FLORENTIN: Fifi, unite ya simu yangu inaisha— umuite Euphrasie, umuambie anyamaze— [simu inakatika]

FIFI: Haloo? Haya, Patron, baki muzima!